Kaizari yupi? Jibu kwa mpiga fidla kuhusu Kaiser-Walzer

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninapiga fidla katika kikundi kidogo cha vijana hapa Tanga, tuko saba. Tumeombwa kupiga Kaiser-Walzer ya Johann Strauss kwenye hafla ya harusi. Mahali pamoja nimesoma kwamba ilitungwa kumheshimu Kaizari Franz Joseph wa Austria, mahali pengine kwamba ni ya Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Ukweli ni upi? Tena sielewi muziki wa dansi usio na neno hata moja unamheshimuje mfalme. La mwisho, wenzangu wanataka turuke ile sehemu ya gwaride ya mwanzo, twende moja kwa moja kwenye dansi. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maswali yako matatu yamefungana, na nimefurahi kwamba hukuuliza la kwanza peke yake, maana jibu lake halieleweki vizuri bila la pili. Kwa ufupi, walzi hii haikutabarukiwa Kaizari mmoja kwa jina lake. Ilitokana na kukutana kwa makaizari wawili, ikapewa jina ambalo kila mmoja wao angeweza kulipokea kuwa lake, na ndiyo sababu maelezo uliyoyasoma yanapingana.

Mwezi Agosti 1889 Franz Joseph, Kaizari wa Austria na Mfalme wa Hungaria, alikwenda Berlin kumtembelea Wilhelm wa Pili. Ilikuwa ni kurudisha ziara, kwa kuwa Wilhelm, aliyerithi kiti mwezi Juni 1888, alikuwa amefika Vienna mwezi Oktoba mwaka huohuo. Dola hizo mbili zilikuwa zimefungana kwa mkataba wa kulindana tangu 1879, na ziara za namna hiyo zilikuwa njia ya kuwaonyesha majirani kwamba mkataba ungali hai. Karamuni pakasemwa maneno ya kutakiana heri na ya mkono wa urafiki. Strauss, ambaye mwezi Oktoba alikuwa na mfululizo wa maonyesho ya kuongoza huko Berlin, alitunga walzi mpya, na jina alilolipa kwanza halikutaja Kaizari hata kidogo. Aliiita Hand in Hand, yaani mkono katika mkono.

Aliyependekeza jina tunalolijua leo ni mchapishaji, Fritz Simrock wa Berlin, ambaye pia alikuwa akichapisha kazi za mtunzi Brahms. Hapo pana ujanja wa lugha ambao msomaji wa Kiswahili hawezi kuuona mpaka aonyeshwe. Sisi tukitafsiri lazima tuchague: Walzi ya Kaizari, au Walzi ya Makaizari. Mjerumani halazimiki kuchagua, kwa sababu katika lugha yake neno Kaiser ni lilelile kwa mmoja na kwa wengi, na likiunganishwa na neno Walzer halimwonyeshi aliyekusudiwa. Msikilizaji wa Berlin alisikia Kaizari wake, msikilizaji wa Vienna akasikia wake, na mchapishaji akauza nakala katika miji yote miwili. Walzi ilipigwa kwa mara ya kwanza Berlin, katika ukumbi wa Königsbau, tarehe 21 Oktoba 1889, Strauss mwenyewe akiongoza, siku nne kabla hajatimiza miaka 64.

Wanaosema ni ya Franz Joseph wana hoja yao, na ni hoja nzuri: jalada la nakala ya kwanza ya piano lilichorwa taji la kifalme la Austria. Wanaosema ni ya Wilhelm nao wanataja mji ilikopigwa kwanza na mchapishaji aliyeipa jina. Mimi naongeza jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Mwaka 1889 Strauss, mtu ambaye dunia nzima humwita Mwana wa Vienna, hakuwa raia wa Austria kisheria. Ili aweze kumwoa Adele, mke wake wa tatu, baada ya kuachana na yule wa pili, ilimbidi atoke katika Kanisa Katoliki na kuomba uraia wa Coburg, milki ndogo ndani ya Dola ya Ujerumani. Ndoa ilifungwa mwezi Agosti 1887. Kwa hiyo, kwa karatasi, Kaizari wa dola aliyokuwa raia wake alikuwa Wilhelm, ilhali kwa nyumba, kwa kazi na kwa moyo Kaizari wake alikuwa Franz Joseph. Ukimwuliza mtu aliye katika hali hiyo, "Kaizari yupi?", jina lisilochagua ndilo jibu la kweli kuliko yote. Nami ndivyo ninavyofundisha: Kaiser-Walzer ni walzi ya mapatano, na kumpa mmoja peke yake ni kuikata nusu.

Ruhusu nikumbushe jambo moja kabla sijaendelea, kwa kuwa unaniandikia kutoka Tanga. Wilhelm huyo ndiye Kaizari ambaye wazee wetu wa pwani walimjua kwa jina hilo. Miezi ileile ambayo Berlin ilikuwa ikicheza walzi hii, majeshi ya kamanda Mjerumani Wissmann yalikuwa vitani katika pwani yako, na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, wiki nane tu baada ya usiku ule wa Königsbau. Sisemi haya ili uiweke fidla chini. Muziki haukufanya vita, na Strauss hakuwa na habari za Pangani. Lakini mpigaji wa Tanga anayo haki ya kujua jina lile lilibeba nini upande huu wa bahari.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Unauliza dansi isiyo na maneno inamheshimuje mfalme. Swali hili ni la mtu aliyekulia katika utamaduni wa maneno. Kwetu sifa za mtawala hukaa katika shairi na katika wimbo. Mahadhi ni chombo cha kubebea beti. Hata tunapokuwa na sauti tupu isiyo na maneno, kama siwa ya shaba ya Lamu au ile ya pembe ya ndovu ya Pate, heshima yake inatokana na uchache wake: haikupulizwa na kila mtu wala kila siku. Walzi ilikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Ilimheshimu mfalme kwa kutapakaa, kwa kuingia kila ukumbi na kila nyumba yenye piano, jina lake likiwa juu ya karatasi ambayo binti wa mwenye duka aliiweka mbele yake jioni baada ya chakula.

Ili uone jinsi heshima ilivyowekwa ndani ya noti zenyewe, lazima ujue kwanza umbo la walzi ya Vienna. Walzi si wimbo mmoja. Tangu siku za watunzi Joseph Lanner na Johann Strauss baba, yaani baba wa Strauss wetu mwenye jina lilelile, katika miaka ya 1820 na 1830, ilijengwa kama mnyororo: utangulizi, kisha walzi ndogo tano zikifuatana, kila moja ikiwa na sehemu mbili, na mwishoni hitimisho refu linalokusanya mahadhi yaliyopita. Baadaye Strauss mwana alipunguza walzi ndogo na kuzirefusha, na Kaiser-Walzer ina nne tu. Zile walzi ndogo ni mali ya wachezaji. Lazima zihesabike kwa miguu, mapigo matatu katika kila kipimo, pigo la kwanza zito na mawili mepesi, na kwa kawaida sehemu moja huchukua vipimo 16 au zidisho lake, ili mchezaji ajue bila kufikiri anapogeuka. Hapo mtunzi hana uhuru wa kuweka hotuba. Lakini utangulizi haukuchezwa. Wakati ule watu walikuwa wakitafutana, wakiinamiana, wakishikana mikono na kuingia uwanjani. Ukitaka mfano wa karibu, ufikirie kama bashraf inayotangulia nyimbo katika taarabu ya zamani: watu bado wanakaa vizuri, ala zinazungumza zenyewe. Na hitimisho nalo lilikuwa la wasikilizaji karibu sawa na la wachezaji. Kwa hiyo heshima iliwekwa kwenye milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na ukumbi wa katikati ukaachwa kwa dansi.

Nitakuonyesha kazi moja ambayo jambo hili linaonekana wazi kuliko zote nizijuazo. Mwaka 1838 Strauss baba aliivusha okestra yake mpaka Uingereza, mwaka ambao Malkia Victoria alikuwa anatawazwa. Kutawazwa kwenyewe kulikuwa tarehe 28 Juni. Alimtungia walzi, kazi namba 103, na jina lake likasema kila kitu: Huldigung der Königin Victoria von Grossbritannien, yaani kumtukuza Malkia Victoria wa Uingereza. Mwanzoni aliweka mahadhi ya Rule, Britannia, wimbo wa kizalendo wa Waingereza. Mwishoni aliweka wimbo wa taifa wa Waingereza, ukiwa umegeuzwa walzi.

Chukua fidla yako ujaribu, utaelewa kwa nini alipanga hivyo na si kinyume chake. Rule, Britannia huenda kwa mapigo manne; ukiilazimisha iwe walzi utaivunja mbavu, kwa hiyo mahali pake ni kwenye utangulizi ambako hakuna mguu unaohesabu. Lakini ule wimbo wa taifa, God Save the Queen, tayari una mapigo matatu. Ipige polepole, kila pigo likiwa na uzito wake, nayo ni sala ya kanisani. Kisha iharakishe, mpe mwenye besi pigo la kwanza peke yake, wape fidla ya pili na viola mapigo mawili mepesi yanayofuata, na bila kubadilisha noti hata moja ya mahadhi utasikia sala imevaa viatu vya dansi. Strauss hakuongeza kitu pale. Alikiona kilichokuwa kimelala ndani ya wimbo ambao Waingereza walikuwa wameuimba kwa karibu miaka 100. Nadhani hiyo ni heshima ya juu zaidi ambayo mtunzi mgeni anaweza kumpa mwenyeji: kumrudishia kilicho chake, akione kwa macho mapya.

Lipo jambo la kushangaza katika habari hiyo. Walzi humtaka mwanamume amshike mwanamke kiunoni na kumzungusha, na kwa adabu ya kasri ya siku zile malkia kijana ambaye hajaolewa hangeweza kushikwa hivyo na mtu wa cheo cha chini. Victoria, msichana wa miaka 19 aliyependa sana kucheza, aliingia uwanjani kwa kadrili, dansi ambayo watu hushikana mikono tu, na walzi zilipoanza alikaa. Tazama basi dansi ilivyofanya kazi kama kazi ya heshima: mheshimiwa mwenyewe ndiye asiyeicheza. Wengine walicheza mbele yake kwa niaba yake, kama vile sisi tunavyomchezea bwana na bibi harusi walioketi jukwaani.

Lazima niseme pia kwamba heshima hizi hazikuwa za bure, na simaanishi kuwa zilikuwa za unafiki. Mwanamuziki wa Vienna wa karne ile aliishi kwa kupiga katika kumbi, na mlango wa juu kabisa ulikuwa ule wa kasri la Hofburg, ambako kila msimu wa dansi, kati ya Januari na Jumatano ya Majivu, Kaizari aliandaa dansi yake. Strauss baba ndiye wa kwanza kupewa cheo cha mkurugenzi wa muziki wa dansi za kasri, mwaka 1846. Mwanawe akakitamani, na akakikosa kwa miaka mingi, kwa sababu ya mwaka 1848.

Mwaka huo Vienna ililipuka kwa mapinduzi. Baba alisimama upande wa jeshi na kiti cha enzi. Gwaride lake la kumsifu Jemadari Radetzky lilipigwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1848, na bado linapigwa. Mwana, kijana wa miaka 22, alisimama upande wa wanafunzi, akatunga Revolutions-Marsch na Studenten-Marsch, na kwa kupiga wimbo wa mapinduzi wa Wafaransa mbele ya watu akajikuta akihojiwa na polisi. Tarehe 2 Desemba 1848 Franz Joseph alikalia kiti akiwa na miaka 18. Tangu hapo ukizifuata kazi za Strauss mwana kwa namba zake, unaona mtu anayetembea kurudi kwenye mlango uliofungwa, hatua kwa hatua. Kazi namba 67 ni gwaride lenye jina la Kaizari kijana. Mwezi Februari 1853 mtu mwenye kisu alimshambulia Franz Joseph akitembea juu ya boma la mji, Kaizari akapona, na Strauss akatoa kazi namba 126, gwaride la kushangilia kuokoka kwake. Mwezi Aprili 1854 Kaizari alimwoa Elisabeth wa Bavaria, na Strauss akaleta walzi Myrthen-Kränze, namba 154, mataji ya mihadasi, kwa kuwa katika nchi zile bibi harusi huvaa kichwani shada la mihadasi. Hata hivyo maombi yake ya cheo yalikataliwa, na hakukipata mpaka 1863, miaka 15 baada ya kosa la ujana wake.

Mara nyingi wanafunzi huniambia kwamba basi huyu alikuwa mtu wa kujipendekeza. Mimi sikubaliani nao. Ukizisikiliza kazi hizo moja baada ya nyingine utaona kwamba zile zilizotungwa kwa ajili ya kufunguliwa mlango, hasa magwaride yale ya mwanzo, ni nyepesi. Zinafanya kazi yake na kupita. Kaiser-Walzer ilikuja wakati ambapo hakuwa na haja ya mlango wowote. Cheo alikuwa amekiacha tangu 1871 kwa sababu za afya, na mwaka uliofuata mdogo wake Eduard alikuwa amekishika. Jubilei ya miaka 40 ya utawala wa Franz Joseph ilikuwa imepita Desemba 1888, na Strauss alikuwa ameshaitungia walzi yake, namba 434, ambayo leo hupigwa kwa nadra mno. Baada ya hapo ukaja msiba: tarehe 30 Januari 1889 mrithi wa kiti, Rudolf, mwana wa pekee wa Kaizari, alikutwa amekufa Mayerling. Ni miezi sita tu baada ya kumzika mwanawe ndipo yule baba alipokwenda Berlin kuinua glasi ya urafiki. Strauss hakuandika popote kwenye karatasi kwamba aliufikiria msiba huo, nami sitamwekea maneno mdomoni. Nasema tu kwamba kila aliyekuwa ukumbini Berlin au Vienna mwishoni mwa mwaka ule aliujua, na ukiifungua Kaiser-Walzer, kazi namba 437, ukiwa nawe unaujua, unaisikia tofauti.

Ifungue basi. Jina linakuandaa kusikia tarumbeta na vishindo, maana ni Kaizari anayetajwa. Badala yake linaanza gwaride dogo, la sauti ya chini kabisa, noti fupifupi, kama askari wanaopita mbali ng'ambo ya bustani. Liko katika ufunguo wa C, ufunguo usio na alama yoyote, mweupe. Linasogea, linakua, ala za shaba zinaingia na sasa liko mbele yako kwa fahari yake yote; kisha fahari inapungua, yanachungulia mahadhi ya walzi ya kwanza kwa muda mfupi kama mtu anayefungua pazia na kulirudisha, na ndipo polepole mapigo yanageuka kutoka hesabu ya askari kuwa hesabu ya wachezaji. Hapo ndipo heshima ilipo. Strauss hakuchukua wimbo wa taifa wa yeyote, tofauti na baba yake mwaka 1838. Angechukua upi, naye alikuwa na makaizari wawili mbele yake? Alichukua kile ambacho wafalme wote wanacho sawa, yaani msafara wa walinzi wao, akauleta taratibu mpaka mlangoni mwa ukumbi, na mlangoni akawavua askari silaha.

Zile walzi nne za katikati sitazieleza kwa urefu, maana mikono yako itakueleza zaidi ya kalamu yangu. Nikuonye tu kuhusu ile ya kwanza: mahadhi yake yanapanda kwa utulivu, na wapigaji wengi huyaharakisha wakidhani dansi maana yake ni mbio. Yape nafasi. Tena kumbuka desturi ya Vienna ya kulitanguliza pigo la pili kidogo sana kabla ya wakati wake, kiasi ambacho hakiandikiki. Msikilize anayepiga fidla ya pili, yeye ndiye anayeibeba walzi, si wewe mwenye mahadhi.

Nije kwenye swali lenu la tatu. Ikiwa mnapiga katikati ya hafla, watu wameshasimama, wameshapasha miili moto na mshereheshaji anaashiria mwendelee, mnaweza kuanza kwenye walzi ya kwanza bila kumkosea mtu. Kumbi za dansi zimefanya hivyo tangu zamani, na Strauss, aliyekuwa mtu wa dansi kabla ya kuwa mtu wa tamasha, angewaelewa. Ila mjue mnachokiacha. Mtabaki na dansi tamu sana, lakini jina lake litakuwa halina mahali pa kukaa, kwa kuwa Kaizari yumo katika utangulizi na katika hitimisho, hayumo katika walzi zenyewe. Kwa harusi mimi ningewashauri kinyume: tumieni gwaride hilo kuwaingizia bwana na bibi harusi ukumbini. Lilitungwa kwa kazi hiyohiyo, ya kumleta mheshimiwa kwa taratibu mpaka mbele ya watu, na mwendo wake ni wa kutembea. Waambieni wapambe wasianze kutembea mpaka mmevuka vipimo vya kwanza, ili wageni wapate muda wa kunyamaza. Sauti ya chini hufanya kazi pale tu ambapo watu wameisikia. Gwaride linapokwisha na walzi kuanza, wanandoa watakuwa wamefika katikati ya ukumbi.

Kuhusu kuwa kwenu saba, msijidharau. Mwaka 1925 mtunzi Arnold Schönberg, naye Mwana wa Vienna, aliipanga upya Kaiser-Walzer kwa wapigaji saba: filimbi, klarineti, fidla mbili, viola, selo na piano. Ni mpango mgumu mahali pengine, lakini si mgumu kupita kiasi kwa vijana wanaofanya mazoezi, na kama hamna klarineti, sehemu zake nyingi mnaweza kumpa mpiga akodiani. Msiutafute ukubwa wa okestra ya watu 60. Utafuteni uwazi, kila sauti isikike peke yake.

Ila mchagueni mapema atakayepiga selo, na mpeni muda mrefu wa mazoezi kuliko wengine wote, kwa ajili ya ukurasa mmoja. Karibu na mwisho, mahadhi ya kwanza yamerudi, ukumbi umejaa, kila mtu anatarajia vishindo vya kufungia, na ghafla Strauss anaipunguza kasi. Ala zinajiondoa, selo linabaki na yale mahadhi karibu peke yake, linayasema polepole kama mzee anayemkumbuka mtu. Halitakiwi kulia wala kujionyesha. Wachezaji hapo hupunguza hatua, wengine husimama kabisa wakiwa wameshikana. Ni baada ya hapo tu ngoma inaponguruma na ala zote zinapoingia kuufunga mlango. Anayepiga sehemu hiyo asihesabu kwa sauti, wala kikundi kisimharakishe. Mwache yeye ndiye aamue lini kimya kimetosha, nanyi wengine mtazameni mkono wake unaoshika upinde.